Darasa la Vietnam la Mwalimu Kabula Halifungwi

Nakataa. Nimetupa udongo kaburini kwako kwa mkono wangu huu, Kabula, na bado nakataa.

Kwa ambao hamkumfahamu: Mwalimu Kabula alikuwa jirani yangu wa meza pale staff room, hapa Bariadi. Yeye Historia, mimi Jiografia. Wiki iliyopita presha ilimwangusha akiwa kazini, tukamkimbiza hospitali, hakurudi. Jamani!

Huyu dada alikuwa anasoma historia ya sasa ya watu wa Vietnam. Sitanii. Mtoto wa wakulima wa pamba wa Shishiyu, anajisomesha masters kwa mshahara wa ualimu, na swali alilolisikia mara nyingi kuliko hata salamu lilikuwa, "Vietnam itakusaidia nini?"

Hata mimi nilimuuliza, siku za kwanza nilipohamia kutoka Tanga. Akanitazama kama nimemkanyaga, akanirushia "wewe" ya Kisukuma. "Bebe! Kitabu kinasema Wafaransa walipigwa, Wamarekani wakaja, wakaondoka. Wenye nchi wako wapi? Walikula nini? Nani alilima?"

Msiandike kwenye comments kwamba alikuwa mpole. Hakuwa mpole! Alikuwa mbishi, na mimi nilimpenda kwa ubishi huohuo.

Kila Jumamosi alifungua darasa kwa yeyote anayetaka, nje ya mtaala, bila posho. Tukaliita Darasa la Vietnam kwa kumtania. Yeye akalipenda jina, akaliandika mlangoni kwa chaki.

Kuna Jumamosi alifundisha jinsi wanakijiji walivyosukuma baiskeli zilizojaa mchele, milimani, kuwapelekea askari wao waliopigana na Wafaransa kule Dien Bien Phu. Wanafunzi wakacheka. Akawauliza, kwani pamba ya kwao inafikaje ghalani, si kwa baiskeli hizohizo?

Wiki iliyofuata wakaja na baiskeli za baba zao. Wakafunga mti wa kuongozea kwenye usukani, wakapakia magunia ya mchanga, wakaanza kupandisha kile kilima cha nyuma ya shule. Baiskeli moja ikawaponyoka, ikateremka peke yake hadi kwenye bustani ya mkuu wa shule.

Mkuu katoka mbio: "Mwalimu, hii ni Historia au gulio?"

"Historia, mkuu. Gulio lina siku yake."

Halafu Kabula akachukua jembe, akapanda maua upya pamoja na wanafunzi wake, somo likiendelea.

Siku nyingine alitupeleka kijiji cha Mwamanyili, kwenye majaruba ya mpunga. Akasimama kwenye tope, sketi kaikunja, akaeleza jinsi wakulima wa Vietnam walivyokusanywa kwenye mashamba ya ushirika, mavuno yakasuasua, na baadaye kila kaya ikapewa eneo lake la kulima. Wenyeji waliokuwa wanapalilia wakaacha kazi, wakaanza kutusimulia walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa. Wakabishana wao kwa wao, lilikuwa jambo jema au baya. Kabula alikuwa anachekelea tu.

Sasa nije msibani. Kule Shishiyu kuna ndugu mmoja, suti safi, alishika maiki akasema, "Tulimshauri asome procurement. Nguvu zake zote kazimalizia kwenye historia ya watu." Vichwa vikatikisika kukubali.

Pale nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Hapa ni ukurasa wangu, kwa hiyo nakujibu, kaka.

Wakati unaongea nilikuwa nimekaa mkekani na mama yake. Asubuhi ile nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri kuliko sisi tuliokuja kumfariji. Baada ya maneno yako akaniinamia. "Alikuwa ananisimulia wanawake waliobaki na mashamba, waume wakiwa vitani. Walilima, walizika, walilea. Nilijua ni watu wa hapahapa kwetu, mpaka akanionyesha picha."

Umesikia? Mama huyo hakuwahi kuona jembe lake likihesabiwa kuwa historia. Binti yake ndiye aliyemletea habari hiyo, kutoka Vietnam. Historia ya watu, kaka, ndiyo hiyo. Na mama naye ni mtu.

Jumatatu tukakaa kikao. Ikasemwa kwa sauti ya huruma kabisa: darasa la Jumamosi lipumzike, mwenyewe hayupo, chumba kitafaa kuwa stoo.

Nilinyoosha mkono. "Nitalifundisha mimi."

Kicheko. "Wewe wa mito na milima?"

Ndiyo, mimi wa mito na milima! Najua kidogo, tena hicho kidogo nilikipata kwa kubishana naye. Lakini Kabula naye hakuzaliwa anajua. Aliamua kujua, akiwa hapahapa Bariadi, na hakumwomba mtu ruhusa ya kujali watu wa mbali. Darasa lake likigeuka stoo ya madawati mabovu, mtakuwa mmemzika mara ya pili, na mara hii sitatupa udongo.

Niliyasema hayo nikiwa nimesimama. Mkuu wa shule akasema, "Mpeni ufunguo."

Kabula, Jumamosi yako ya mwisho uliishia pale bunduki ziliponyamaza na watu wakaanza kurudi vijijini. Ulisema wengi hufunga kitabu hapo, wakati maisha ndiyo kwanza yanaanza.

Jumamosi saa tatu tunaanzia hapo. Nitakosea, watanisahihisha, tutabishana.

Lala unono, dada yangu. Darasa lina watu.