Siku Kageha Alipoacha Kiti Chake

Kageha amehakiki michezo ya kuigiza gazetini kwa miaka mingi, na sisi majirani zake wa Makadara, Nairobi, tunajua kalamu yake haina huruma. Mchezo ukimchosha, anaandika umemchosha. Yupo mwigizaji aliyeacha jukwaa akaenda kuchoma nyama Soko la Burma kwa sababu yake, na Kageha hula kwake kila Jumamosi bila haya. "Hapa kazi anaijua," husema.

Anaamini mchezo ni watazamaji. Wakikaa kimya kama wako kwenye mtihani, anafunga kalamu na kwenda zake. Lakini yeye mwenyewe hacheki wala hapigi makofi. Mhakiki hukaa kando, ndiyo kauli yake.

Basi Wandera, mwongozaji wa michezo, akaleta mchezo wa matanga kwenye ukumbi wetu. Viti vilikuwa vitupu, na mwenye ukumbi akamwonya kwamba Jumapili usipojaa, anawapa watu wa harusi. Tumaini lilibaki kwenye makala ya Kageha ya Ijumaa.

Jumatano nilikuwepo, nimeketi naye. Jeneza likaletwa, mwigizaji Griffins ndani, amekufa vizuri kabisa. Waigizaji wakaanza kulia kilio cha kizungu, cha kitambaa puani. Mama Ayuma, aliyetoka kibaruani Industrial Area, akashindwa kuvumilia.

"Nyinyi, kwetu maiti haliliwi hivyo," akasema. Akajifunga leso kiunoni, akapanda jukwaani akiimba. Kina mama wengine wa kwao, magharibi mwa Kenya, wakamfuata, wakalizunguka jeneza, sakafu ikatetemeka. Wandera alishika kichwa.

Nikageuka nimwonyeshe Kageha. Kiti kitupu. Alikuwa kule mbele ya wote, viatu mkononi, akiimba kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mimi si wa magharibi kama wao, lakini nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

Wandera alimfuata nje. "Dada, hii usiiandike, tafadhali. Watu wamenivamia shoo."

"Siwezi kuandika lolote," Kageha akajibu, bado anahema. "Mhakiki hukaa kando. Mimi nimecheza."

Wandera akaketi kwenye ngazi. Bila makala, mchezo wake ulikuwa umekwisha.

Ijumaa kona ya Kageha ilikuwa na sentensi moja: "Wiki hii sihakiki, kwa sababu nilimlilia Griffins, na Jumapili nitamlilia tena."

Jumapili tulimkuta mwenye ukumbi akihangaika kutafuta viti vya kukodi, na mlangoni foleni ya kina mama, kila mmoja na leso yake mkononi.