Kachupa ka mjomba

Nilikuwa nikifagia chumba, fagio likagonga kachupa ka mjomba chini ya kitanda, kakapinduka, kizibo kikatoka. Ndani yake mlikuwa na zebaki, ile anayokamatia dhahabu kule machimboni Wamaza. Ikatawanyika juu ya sakafu ya udongo, matone matone yanayong'aa.

Miye kusema na watu hunishinda. Nikawaza kuikandikia udongo, ninyamaze. Lakini mdogo wangu anatambaa pale pale, na anachookota anakila. Mama alikuwa shambani. Nikambeba mtoto, nikaenda kwa jirani yetu muuguzi.

"Umepitisha fagio juu yake?" akauliza nilipomweleza.

"Hapana, mama."

"Umefanya vizuri. Ungeieneza mu nyumba yote."

Tukafungua mlango na dirisha. Akavaa glavu, akayasukuma matone kwa jalada la daftari langu mpaka ndani ya chupa, akaifunga. Udongo wa pale tukauchimba, tukautia mu ndoo yenye kifuniko.

Jioni mjomba akauliza kachupa kake.

"Iko kwangu," jirani akamwambia toka uani. "Mu nyumba ya mutoto hairudi."

Mjomba alinitazama, halafu akaenda kuleta udongo mpya. Tulikandika shimo pamoja. Udongo ulipokauka, mdogo wangu alitambaa juu yake, akaokota punje ya wali, akaila. Sikumkataza.