Yaliyosemwa Wakati wa Kumsindikiza Mgeni

Kosa langu la kwanza nikiwa katibu wa kijiji lilikuwa kufunga muhtasari mapema. Nalitaja mwanzoni kabisa kwa sababu nikichelewa nitaanza kujitetea, na mpaka leo sina hakika kama lilikuwa kosa.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya. Tulihamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya katikati ya mawe, Wanyaturu wengi na Wanyiramba wachache, tukapangwa kwa mistari. Nilipewa ukatibu kwa sababu ya mwandiko. Shule niliiacha mapema. Mengine nilijifunza kwenye magazeti ya zamani na kijitabu cha kuendesha mikutano ambacho nilikikariri chote. Ukurasa ukidondokewa na wino niliuchana nikaanza upya. Kijitabu kilisema: mkutano ukishafungwa, linalosemwa baadaye si la mkutano.

Wakati huo tulitangaziwa kwamba mipango haitatoka tena Dar es Salaam peke yake. Kijiji kitasema kinachotaka, wilaya itakusanya, mkoa utapeleka mbele, na maombi yetu yataingia kwenye makisio ya serikali. Sikuelewa neno la mzee wa kwetu lingesafirije mpaka kwenye bajeti ya nchi nzima. Niliona aibu kuuliza.

Tulichohitaji kilijulikana na kila mtu: lambo la kukinga maji ya mvua. Kiangazi mama yangu alitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto, akasubiri maji yajikusanye shimoni, huku ng'ombe wa watu wakimsukuma. Mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia.

Bwana mipango wa wilaya alikuja, kijana mwenye soksi ndefu nyeupe. Akawaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha akauliza, "Haya, wazee wangu, mna shida gani?"

"Hatuna shida, mwanangu," mwenyekiti wetu akasema. "Tu wazima. Labda ghala tu, panya wanatuzidi."

Mzee mmoja akainuka. "Na sisi Wanyaturu tutasema lini? Zamani mtemi aliita watu wake."

"Mzee wangu, serikali haigawi kwa kabila siku hizi," bwana mipango akajibu. "Inagawa kwa kijiji."

"Basi mimi ni kijiji. Ila nilizaliwa Mnyaturu."

"Afadhali kiseme kijiji," Mnyiramba mmoja akadakia, "maana Wanyaturu wakianza kusema tutalala hapa!"

Watu wakacheka. Nikaandika: ghala. Mwenyekiti akafunga mkutano, akatia saini. Ukurasa haukuwa na doa hata moja.

Mgeni akala ugali wa mtama, kuku na mlenda, kisha wazee wakamsindikiza hadi kwenye Landrova aliyoiacha ng'ambo ya korongo. Kwetu mgeni hatupiwi shida ndiyo kwanza ameketi. Humwambii una kiu kabla yeye hajanywa. Neno zito huwekwa njiani, wakati wa kuagana.

"Sasa ndiyo tuseme, mwanangu," mwenyekiti akaanza, akimshika mkono. "Maji yanatumaliza. Tunaomba lambo. Kuchimba tutachimba wenyewe, tupeni mtaalamu na saruji."

"Katibu ataandika," bwana mipango akasema, akapanda gari.

Sikuandika. Nyumbani nilifungua muhtasari, nikatazama ile saini. Kuongeza maneno chini ya saini ya mtu niliona ni kama wizi. Kuuandika wote upya niliona ni kama uongo. Nikaupeleka wilayani ulivyokuwa.

Mwaka uliofuata yakaja mabati ya ghala. Mama aliyatazama yakishushwa, akaniuliza, "Haya nayo yatakinga mvua ipi?"

Mwenyekiti aliniita. "Njiani ulikuwepo, hukuwepo?"

"Nilikuwepo, baba."

"Ulikuwa na masikio?"

Nilikwenda wilayani nikiwa nimejiandaa kukaripiwa. Bwana mipango akasema nilifanya sawasawa kabisa.

"Lakini ulisikia habari ya lambo," nikamwambia.

"Nilisikia kama mgeni. Kama ofisa, nasoma."

Nilirudi kwa miguu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Wazee walikuwa wamesema. Serikali ilikuwa imesikiliza. Mimi nilikuwa nimefuata kanuni. Hata hivyo mama alikuwa mtoni, na sikuweza kuonyesha mahali ambapo maneno yalidondokea, isipokuwa mikononi mwangu. Au kwenye kijitabu. Au kwenye adabu zetu wenyewe. Nikishika moja, mengine yanateleza.

Bwana mipango alipotangaza kuja tena, niliwaza kuwaomba wazee waseme shida mapema, mgeni akiketi tu. Sikuthubutu, nani angenisikiliza nikiwafundisha kukaribisha wageni? Nikamwomba mwenyekiti jambo dogo: asifunge mkutano mpaka tufike kwenye gari. Akanitazama kama mtu aliyeombwa avue viatu sokoni, kisha akakubali. Tukamsindikiza mgeni mkutano ukiwa bado wazi. Niliandika lambo juu ya boneti ya Landrova, mwandiko umepinda, vumbi limeganda kwenye wino, na mwenyekiti akatia saini hapo hapo. Ukurasa ule sikuuchana.

Lambo bado halijachimbwa. Tumeambiwa limeingia kwenye makisio ya mkoa, na kama hilo ni karibu au mbali, sijui. Mama bado anafukua mchanga, siku hizi akisaidiwa na dada yangu. Kilichobadilika ni hiki: mkutano wetu wa mipango sasa hufungwa kwenye mlango wa gari.