Hori la Mshindi

Katika chama cha wafugaji wa ng'ombe wekundu, wote walimwita Babu Chumvi, hata wale waliomzidi umri. Jina lilitokana na hori. Hori lenyewe lilikuwa gogo zima lililochongwa na marehemu baba yake, na kila mwaka, siku ya mkutano mkuu, yeye ndiye aliyelileta na kulijaza chumvi. Ng'ombe aliyetangazwa bora alilamba kwanza. Wengine wote walifuata, wa tajiri na wa fukara, hori moja. Hapo ndipo mkutano ulipohesabiwa kuwa umekwisha; hotuba zilikuwa za kupitisha muda tu.

Zamani ng'ombe walikuja mkutanoni kwa miguu, na wenyewe walijuana kwa mluzi. Siku hizi wanashushwa kwenye malori wakiwa na hereni za plastiki masikioni, na wenyewe hawaonani mpaka wapigiane simu, ilhali wamesimama uwanja mmoja. Babu Chumvi aliyavumilia hayo yote. Lakini mwaka huu mwenyekiti mpya, kijana wa shati jeupe aliyepata ng'ombe kwa baba mkwe wake, alileta pendekezo kwamba hori liachwe, kila ng'ombe awe na ndoo yake. Babu Chumvi aliapa kwamba siku hori litakapotupwa, naye atakuwa ametupwa.

Asubuhi ya mkutano mkewe alisimama nyuma ya lori akimtazama Shaba, ng'ombe wao waliyemlea tangu akiwa ndama.

"Mzee, huyu hajacheua tangu tufike."

"Safari hiyo."

"Na mate je?"

"Wewe ungesimama kwenye lori njia nzima ungetoa nini, asali?"

Mkewe hakucheka. "Mara ya mwisho kuona mate ya namna hii tulifukia ndama wa zizi zima."

"Mama, leo si siku ya kufukua makaburi." Alimfuta Shaba mdomo kwa mkono wa koti, kisha akaukunja mkono huo ili pale palipolowa pasionekane.

Ukumbini bati lililia kwa joto na kipaza sauti kilikoroma. Mwenyekiti alisema kwa upole, kama mtu aliyejiandaa kutukanwa.

"Wazee wangu, simdharau mzee wetu wala hori lake. Nasema tu, mmoja akiwa na ugonjwa mdomoni, tutarudi nao makwetu sote."

Babu Chumvi aliinuka taratibu. "Mwenyekiti, mwanangu. Wewe ng'ombe hawa uliwakuta wameshanona." Watu wakacheka. "Sisi tuliwakuta mifupa. Walilamba pamoja ndiyo wakawa kundi. Mpe kila mmoja ndoo yake, utabaki na nini? Utabaki na mnada."

"Na ndoo zenyewe ataziuza shemeji yake," muuza maziwa mmoja alidakia kutoka nyuma.

Ukumbi uliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichoamua. Mikono ilipoinuliwa, hori lilishinda. Babu Chumvi aliketi kwa furaha. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, hakuinua mkono. Alikuwa akitazama nje, kwenye mabanda.

Kabla ya gwaride Babu Chumvi alimpeleka Shaba nyuma ya banda, akamtia kidole gumba pembeni mwa mdomo, akaufungua. Juu ya ulimi palikuwa na lengelenge kubwa kama haragwe. Alipoligusa lilipasuka, na ngozi ya ulimi ikamfuata kidoleni. Shaba alijinyofoa akatoa mlio mdogo.

Babu Chumvi alikifuta kidole kwenye suruali. Alijua jina la ugonjwa, alijua ulivyokuja miaka ile, ukianzia mdomoni na kushuka hadi kwatoni, na ulivyowaua ndama wakiwa wamesimama kwenye chuchu. Angekwenda kusema nini sasa, na kicheko cha watu bado kimo masikioni mwa yule kijana? Wangelichoma hori jioni hiyohiyo. Kesho, alijiambia. Nitasema kesho, likiwa limerudi nyumbani.

Uwanjani ng'ombe wengine walirusha mateke na kuvuta kamba. Shaba alisimama kimya, kichwa chini, macho mazito. Mwamuzi alimzunguka, akampapasa mgongo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mnaona adabu hii? Huyu ndiye ng'ombe mwekundu wa asili."

Wakamvika Shaba utepe shingoni, mke wa Babu Chumvi akapewa kombe alishike. Kisha watu wakalizunguka hori. Shaba hakutaka kulamba. Babu Chumvi aliweka kiganja juu ya shingo yake, akamwinamisha kwa nguvu mpaka ulimi ukagusa chumvi mara moja, uzi mrefu wa mate ukabaki ukining'inia. Makofi yakapigwa, na wengine wakasogezwa zamu kwa zamu.

Mwisho kabisa alikuja mwenyekiti na ndama.

"Umenishinda kihalali, baba. Na huyu naye alambe. Ndiye wa kwanza kuzaliwa zizini kwangu."

"Huyo bado mdogo. Mwache."

"Usininunie, mzee wangu. Nimekubali mbele ya watu."

"Sijanuna. Nimesema mwache."

"Mbona wangu tu ndiye unayemkatalia?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini watu waligeuka. Jibu lilikuwa moja, na Babu Chumvi alikuwa nalo ulimini. Alilimeza. Akasogea pembeni.

Ndama alitia miguu yote miwili ya mbele ndani ya hori, watu wakacheka, akalamba kama anayenyonya.

Malori yaliondoka moja baada ya jingine, kila moja na njia yake. Shaba aligoma kupanda ubao wa kuingilia lorini. Aliinua kwato ya mbele, akaitikisa kama aliyekanyaga kaa la moto, akaishusha, akainua nyingine. Mke wa Babu Chumvi aliitazama miguu ile, kisha akamtazama mumewe.

"Ulikuwa unajua."

Babu Chumvi aliinama kulisafisha hori. Hapakuwa na cha kusafisha. Lilikuwa limelambwa mpaka chembe ya mwisho, na mti ulikuwa umelowa, uking'aa toka mwanzo hadi mwisho.