Pamba Kinywani mwa Mama Pini

Jina la Mama Pini alipewa na wateja, kwa kuwa pini zake za kushonea hukaa mdomoni, pembe ya kulia, na pembe ya kushoto huachwa wazi kwa ajili ya maneno. Atakupima kiuno, atakukunjia pindo, na papo hapo atamsema mwanamume aliyemwacha, bila pini hata moja kudondoka. Wapo wanaoleta nguo isiyo na kasoro yoyote, ilimradi wasikie.

Na maneno anayo. Alimchukua msichana wa watu, akamlisha, akamfundisha kutia vifungo. Msichana akajua kuvitia, kisha akajua na kuvifungua, tena vya shati la bwana wa Mama Pini. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo Mama Pini aliishona kwa mkono wake.

Bwana hakuhama kwa siku moja. Alikuja akachukua kitanda, akarudi akachukua kabati. Mbinu yake ni ile ile: husimama mlangoni akanyamaza, akamwacha Mama Pini apige kelele mpaka majirani wajae. Na majirani, kama ujuavyo, humhurumia aliyenyamaza. "Jamani mama, mpe mwenzio yaishe," husema. Basi bwana hubeba, akaenda zake.

Safari hii alituma salamu kwamba Jumamosi anakuja kuchukua cherehani. Ile nyeusi ya kukanyaga, iliyosomesha watoto wakati baba yao akijifunza kujipulizia manukato. Ikiondoka hiyo, Mama Pini angebaki na mkasi na hasira, na hasira haishoni sare za shule.

Wiki nzima alipanga maneno kama mtu apangaye vyombo kabatini. Ijumaa shavu likavimba. Lilikuwa gego la mwisho kabisa upande wa kushoto, katika yale yanayoota mtu akiwa mtu mzima. Lilikuwa limelala kwa ubavu, linamsukuma jirani yake.

"Hata mdomoni mwangu!" alilia. "Aliyekuja mwisho anataka nafasi ya mwenzake!"

Asubuhi ya Jumamosi wifi yake alimburuta kwa daktari wa meno. Wifi huyu ni dada wa bwana yule yule, ila katika vita hii alichagua upande wa haki, na wa magauni ya kushonewa bure.

"Mama, fungua mdomo," alisema daktari, binti mwenye mikono midogo.

"Huo haujawahi kufungwa," wifi akamjibu.

Sindano ya ganzi ikaingia, shavu likawa kama la kuazima. Daktari alilikata gego vipande, akavuta, na Mama Pini akasikia mlio kama mshono mgumu unaofumuliwa. Kisha akatiwa pamba palipokuwa na gego.

"Uma hiyo, mama. Usiteme, wala usiseme mpaka ganzi iishe. Ukisema damu haitaganda, nitakurudisha kwenye kiti hiki. Na la kulia nalo limelala vivyo hivyo. Siku moja tutalitoa."

Mama Pini akatoa macho. Asiseme? Leo?

Alirudi kibandani kwake pa kushonea, akajifunga mtandio mpaka tayani, akakaa kwenye cherehani yake. Wifi akaketi kando akifumua mishono. Kwenye benchi palikuwa na mteja mmoja mnene aliyekuja, kama kawaida, kusikiliza.

Bwana akafika na mkokoteni. Akasimama mlangoni, akakunja mikono.

"Haya, anza."

Mama Pini akamtazama, akauma pamba.

"Anza basi. Mimi nasikiliza." Akamgeukia dada yake. "Dada, huyu ana nini?"

"Muulize mwenyewe, kaka. Ana mdomo."

Bwana akahamisha uzito mguu huu, akahamisha ule. Hakuzoea. Ukimya ule ulikuwa wake siku zote, na sasa amenyang'anywa.

"Mimi sikuja kwa ubaya, mama watoto. Cherehani tulinunua wote." Mama Pini akamkazia jicho. "Yaani, pesa ulitoa wewe. Lakini nani aliyeibeba kutoka dukani? Si mgongo huu?"

"Kumbe ulikuwa mpagazi!" mteja akasema, benchi likatikisika kwa kicheko chake.

Majirani wakaanza kuchungulia, na safari hii aliyekuwa akipayuka ni yeye.

"Na hata kitanda... sawa, kilikuwa cha mama yako. Usinitazame hivyo! Basi nipe pasi tu. Au hata mkasi. Yule kule hajui kushona, vifungo tu!" Akageuka kuwaonyesha watu suruali iliyochanika nyuma. "Mnaona maisha yangu?"

"Tunaona yote, baba," jirani mmoja akasema. "Hebu mwache mwenzio afanye kazi."

Mkokoteni uliondoka mtupu, ukigongagonga mawe njia nzima.

Jioni ganzi ilipoisha, Mama Pini alitoa pamba, akatia pini zake pembe ya kulia.

"Haya sema, wifi," dada wa bwana akamwambia. "Yale maneno ya wiki nzima utayapeleka wapi?"

"Yakae." Akakanyaga cherehani, ikaitikia. "La kulia bado lipo. Siku akituma tena salamu, nakwenda kuling'oa."