Santuri Niliyoipiga Pasi

Wajukuu zangu wakiniona nimeshika pasi huniuliza, "Babu, na leo unapiga wimbo gani?" nami nacheka pamoja nao, maana mtu mzima akichekwa na yeye asicheke atalia, lakini ukweli ni kwamba miaka yote hii kila nikishika pasi naona haya, na si haya ya kuchekwa (kuchekwa nimekuzoea), ni haya ya jambo nililomfanyia Mwalimu Ambakisye. Hilo wajukuu hawalijui. Leo nawasimulia ninyi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbeya, mimi kijana, fundi cherehani, mtu wa pwani kwa babu na mtu wa baridi kwa kuzaliwa. Cherehani yangu niliiweka barazani kwa Mzee Shomari mwenye hoteli ya chai, na Mzee Shomari alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo hoteli yake ndiyo ilikuwa mahakama yetu sisi wapenzi wa nyimbo za picha za Kihindi. Picha zenyewe tuliziona kwa nadra, na Kihindi hatukijui hata neno (tuliimba kama tulivyosikia, Mungu atusamehe kama tulimtukana mtu), lakini mtungaji wetu alikuwa mmoja, tukimwita Bwana Filimbi, kwa sababu katika kila picha aliyoitungia nyimbo, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, lazima filimbi ilie kwanza.

Siku moja zikaja habari kwamba Bwana Filimbi ametoa santuri mbili mpya, za picha mbili mpya, na zimefika Iringa. Basi hata hatujazisikia tukaanza kugombana. Juma wa buchani alisema kuna dereva kamwambia kwamba Bwana Filimbi ameharibikiwa, sasa anajaza fidla nyimbo nzima kama Wazungu. Mzee Shomari akamjibu kwamba mtungaji ni kama mpishi, akibadili viungo usimtukane kabla hujaonja. Mimi nilisema maneno mengi mno, hata siyakumbuki. Kisha tukageuka wote kumtazama Mwalimu Ambakisye.

Huyu alikuwa Mnyakyusa mpole, akifundisha watoto kuimba katika shule ya misheni na kupiga kinanda kanisani Jumapili, na kila jioni alikuja kunywa chai nasi. Alisema mwisho, alisema machache, na akishasema hakuna aliyeongeza. Nami, nisiwafiche, lilikuwa linaniuma. Mimi naongea tangu asubuhi mpaka koo linakauka, yeye anakohoa mara moja na wote wananyamaza kumsikiliza.

Sasa kwetu ilikuwa desturi kwamba anayeileta santuri ndiye wa kwanza kuitolea maoni. Nami nilikuwa na safari ya Iringa kununua vitambaa, nikasema santuri nitazileta mimi. Dukani Iringa, Mzee Karimu mwenye duka alinipigia zote mbili nizisikie, filimbi imenyooka kama uzi, nikazipenda mpaka nikasahau vitambaa. Akazifunga, akaniambia, "Shika mapajani kama mtoto mchanga, na usiziweke penye joto."

Nikazishika mapajani, kweli, mpaka Makambako. Makambako wakapitisha mahindi ya kuchoma dirishani, na mahindi ya kuchoma yanataka mikono miwili, na mimi nilikuwa nimekaa mbele karibu na dereva, na pale kati yetu palikuwa na kile kifuniko cha injini, pametulia, panavutia, pana joto zuri. Nikaziweka pale. Mahindi yakaisha, usingizi ukanichukua, nilipozinduka tunapita Uyole, mlangoni mwa Mbeya.

Asubuhi nikafungua nyumbani. Santuri ya juu nzima. Ya chini imeinuka ukingoni, kidogo tu, kama kola ya shati iliyokaushwa vibaya. Mtu mwingine yeyote angeiacha, au angemwita mwenye akili, lakini mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akiona kitu kimejikunja dawa anayoijua ni moja. Nikatia mkaa kwenye pasi, nikatandika kitambaa kibichi juu ya santuri, nikaipiga pasi. Ilitoa harufu ya lakiri, ile nta ya posta ya kufungia vifurushi. Nilipofunua nikaona ukingo umelala vizuri kabisa, nikajisifu, sikutazama kwamba ile santuri sasa ina mawimbi tangu pembeni mpaka katikati.

Jioni hoteli ilijaa. Tulipiga ile nzima kwanza, watu wakashangilia, hata Juma alipiga meza. Tukaweka ya pili. Filimbi ikaanza, ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mtu anayeimba huku amempanda punda. Wimbo ukaisha, wote wananitazama mimi, mwenye neno la kwanza.

Jamani, hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Ndugu zangu, nimeiharibu." Maneno matatu tu. Badala yake nikasema, "Mmesikia hiyo? Huo ndio mtindo wake mpya. Iringa nzima wanausifu."

"Si niliwaambia ameharibikiwa!" akadakia Juma.

"Hebu ngoja," alisema Mzee Shomari, amefumba macho. "Mimi naona nimeanza kuupenda."

Mwalimu Ambakisye akakohoa. "Fundi Seifu, mimi naona santuri hii inaumwa. Sauti haikai mahali pake."

"Mwalimu," nikamwambia, na nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "kinanda cha kanisani kimekuziba masikio. Huu si wimbo wa Jumapili."

Watu walicheka sana, nami nilifurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza neno la mwisho kuwa langu. Mwalimu hakucheka. Aliuliza tu, "Na dukani Iringa uliisikia hivi hivi?"

"Hivi hivi," nikasema.

Kesho yake alikuja akasimama kando ya cherehani yangu. Akaniambia polepole kwamba baba yake alianza kuwa kiziwi akiwa na umri kama ule aliokuwa nao yeye sasa, na hakuanza kwa kutosikia, alianza kwa kusikia nyimbo zimepinda, leo huu, kesho ule. "Kila siku nilikuwa nauogopa wakati huo," alisema. "Naona umefika." Nikaendelea kushona. Wallahi nilishona mkono wa shati lile mara mbili, sikuinua kichwa. Nilitaka kusema, lakini kila siku iliyopita uongo ulizidi kuwa mzito kuuinua.

Jumapili ile hakupiga kinanda. Wala iliyofuata. Alisema hataki kuwapoteza waumini kwa masikio yake mabovu.

Kisha wapenzi wenzetu wa nyimbo wa kule Iringa wakatualika Idi pili, tukaimbe nyimbo mpya za Bwana Filimbi, wao waimbe na sisi tuimbe. Na nani atufundishe? Tulikuwa wanaume sita na hakuna anayejua kuimba kwa kanuni ila Mwalimu. Akakubali (nadhani alitaka kuyafundisha masikio yake upya), akakaa na ile santuri siku nyingi, akaandika do-re-mi kwenye daftari, akafuta, akaandika, mpaka karatasi ikatoboka, na akatufundisha kupanda na kushuka kote kule bila kuruka hata hatua moja. Mimi nilikuwa naimba mstari wa mbele!

Iringa tukapokelewa kwa "Kamwene, kamwene," ile salamu yao ya Kihehe, tukala pilau, tukapangwa mbele ya watu, Mwalimu akainua mkono tukaanza. Tulipopanda ile mara ya kwanza watu wakatazamana. Tulipopanda mara ya tatu kina mama walikuwa wameshika mbavu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama hawa wageni wameletwa na basi bovu. Mwalimu aliendelea kuongoza mpaka mwisho, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Iringa.

Mzee Karimu hakucheka. Alileta santuri yake ile ile akaipiga, na filimbi ikatoka imenyooka. Kisha akaomba kuiona ya kwetu, Mzee Shomari alikuwa ameibeba. Akaipitishia kidole, akainusa, akaisogeza kwenye mwanga.

"Hapa kwenye karatasi ya katikati kuna alama za nyuzi za kitambaa," alisema. "Santuri hii imepigwa pasi."

Imepigwa pasi! Watu wa Mbeya tulikuwepo pale muuza nyama, mwenye hoteli, mwalimu, madereva wawili na fundi cherehani mmoja. Hakuna aliyenitaja. Waligeuza shingo tu, wote kwa pamoja. Kwa hiyo msiseme niliungama, sikuungama, nilikamatwa.

Watu wakapasuka upya kwa kicheko, safari hii kwa ajili yangu peke yangu, na Juma akasema wataninunulia kuku niwapige pasi mpaka walale bapa juu ya wali. Lakini Mwalimu alinijia mpaka karibu kabisa.

"Dukani uliisikia imenyooka?"

"Imenyooka, Mwalimu."

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima?"

"Mazima, Mwalimu. Nisamehe."

Akakaa chini palepale, akaufunika uso, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Kyala," yaani asante Mungu, akalia mbele ya watu wale wote waliokuwa wamemcheka. Kicheko kikafa. Nilitamani wangeendelea kunicheka mimi mpaka asubuhi kuliko kusikia kimya kile.

Jumapili iliyofuata alirudi kwenye kinanda. Nilisimama nje ya kanisa, mimi Mwislamu na kofia yangu, nikasikiliza mpaka mwisho, kila sauti ilikaa mahali pake. Alinisamehe, na hakuwa mtu wa kusema amesamehe huku ameweka moyoni. Mashati yake aliyaleta kwangu kama zamani, chai alikunywa nami kama zamani, na mimi tangu siku ile sijatoa tena maoni juu ya wimbo wowote wa mtu yeyote, mkinipigia nasikiliza na kunyamaza.

Ila kitu kimoja hakikurudi. Tuliishi jirani miaka mingine mingi mpaka Mungu alipomchukua, na katika miaka hiyo yote, hata nikimwambia, "Mwalimu, mvua inanyesha," aliweka kikombe chini taratibu, akaenda mlangoni, akanyoosha mkono nje kwanza.