Sinia la Mama Jukwaani

Sinia la shaba la mama yangu lilifika Amerika kabla ya mtu yeyote wa ukoo wetu, na huko likapandishwa jukwaani.

Lilianzia Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini. Mama alikuwa akipangisha vyumba viwili kijijini Ambondrona. Kimoja walikichukua Waamerika wawili, mwandishi wa tamthilia na mwenzake, seremala wa majukwaa. Walimwambia Mama kwamba ni mabinamu. Mama alizungumza Kikomoro, wao Kifaransa cha kuokotaokota, na mimi, niliyekuwa mwandishi wa habari, nikawa mkalimani.

Yule mwandishi wa tamthilia alinisimulia maisha yake tukimenya karanga. Alianza kwa kufagia ukumbi wa maigizo, akaandika vichekesho vitatu. Viwili vilipendwa, cha tatu hakikumaliza wiki. Sasa alikuwa na tamthilia isiyopata mwisho, na nyumbani kwetu ndipo kalamu yake ilipokubali tena kwenda. Kisha akaniambia jingine: yule seremala hakuwa binamu yake. Walikuwa wapenzi, huu mwaka wa sita.

"Mama yako akijua, atatufukuza," alisema.

Mama aliwapikia wapangaji wote, kila mtu na sahani yake. Sinia moja kwa watu wawili, siku isiyo ya sherehe, kwetu lilikuwa la mke na mume. Ijumaa moja akaweka sinia la wali na samaki katikati ya wale wawili, akaenda zake. Mwandishi hakuthubutu kula. Akanituma nikaulize kulikoni.

"Sahani zinanimalizia maji," Mama akajibu, hata hakugeuka.

Nilipomfikishia jibu, mwandishi alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niliendelea kuchunguza. Mwezi uliofuata chumba cha pili kilichukuliwa na walimu wawili wa Kifaransa, ndugu wa baba na mama mmoja. Hao walipewa sahani mbili.

Tamthilia ikapata mwisho wake: mwanamke anaweka sinia katikati ya wanaume wawili na kulalamikia maji. Ndiyo iliyomjengea jina. Aliniandikia kwamba watazamaji hucheka, kisha hunyamaza.

Miaka mingi baadaye walirudi, vichwa vyeupe, wakamkuta Mama mjini Mahajanga, alikokuwa amehamia. Tamthilia ilikuwa inaigizwa upya, nao walitaka sinia lenyewe. Safari hii mwandishi aliuliza mwenyewe, mimi nikitafsiri: siku ile, Mama, ulikuwa unajua?

"Mlishiba?"

"Tulishiba, Mama."

"Sasa mnauliza nini, wanangu?"

Akaingia chumbani, akatoka na sinia limefungwa kwa kitambaa kilichotariziwa cha kisiwa jirani cha Nosy Komba, aina ile ile aliyotugawia sisi mabinti zake siku za harusi zetu. Kabatini alikuwa na vitambaa tele. Nikamuuliza kwa nini kile.

"Ndicho kilichokuwa juu."

Wageni walipoondoka nilikwenda kuangalia vilivyobaki juu. Kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo uko kiunoni mwa Mama.